Picha iliyokataa saizi ndani ya PDF

"Dada, naomba unisaidie, picha yangu imevutika." "Kaka, nimeipunguza lakini faili bado zito." "Kwenye simu inaonekana vizuri, mbona kwenye karatasi imetoka ndogo?" Kauli hizi tatu husikika sana kwenye steshenari za Arusha, kuanzia zile za karibu na Mnara wa Saa mpaka za Sakina na Njiro, na zote hutiwa kwenye kapu moja la "picha imekataa saizi". Lakini ni matatizo matatu tofauti. La kwanza ni la umbo, la pili ni la pikseli, yaani vile vitone vidogo vya rangi vinavyounda picha, la tatu ni la ukurasa au la printa. Anayekimbilia kuvuta kona za picha kabla hajajua ameletewa lipi hujikuta ametengeneza kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka mengine yote hufuata: ndani ya PDF, picha haina ukubwa wake. Ina pikseli tu. PDF huichukua kila picha, iwe ya pikseli 300 au 4,000, na kuihesabu kama mraba mdogo wenye kipimo cha 1 kila upande. Pembeni yake huandikwa namba sita, na hizo ndizo zinazoamua mraba huo utanuliwe upana kiasi gani, uinuliwe kimo kiasi gani, ukae wapi na ugeuke vipi. Kipimo kinachotumika ni pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Kwa hiyo ukurasa wa A4 ni pointi 595 kwa 842. Upana una namba yake na kimo kina namba yake, na hakuna kinachozilazimisha zifuate uwiano wa picha. Huo ndio mlango ambao uvutikaji hupitia.

Chukua mfano wa ratiba ya safari, kazi inayoandikwa sana mjini hapa. Kuna picha ya tembo wa Tarangire, pikseli 1600 kwa 1200, yaani uwiano wa 4 kwa 3. Aliyetengeneza kiolezo aliacha nafasi ya milimita 160 kwa 90, uwiano wa 16 kwa 9, na aliyeingiza picha akaisukuma mpaka ikajaza. Tembo anatoka mfupi na mpana, miguu kama magogo, na mbuyu wa nyuma yake umebonyea. Kwa macho unaweza kubishana kama imevutika au ndivyo tembo alivyo. Hesabu haibishani. Milimita 160 ni inchi 6.3, hivyo kwa upana kuna pikseli 254 kwa inchi. Milimita 90 ni inchi 3.54, hivyo kwa kimo kuna pikseli 339 kwa inchi. Namba hizo mbili zilipaswa kulingana. Zikipishana kiasi hiki, picha imebanwa robo nzima ya kimo chake.

Hesabu hiyo huna haja ya kuifanya kwa mkono. Kwenye furushi la bure liitwalo Poppler kuna amri hii, ya kuandika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

pdfimages -list ratiba.pdf

Itakuletea jedwali, mstari mmoja kwa kila picha: ukurasa, upana na urefu kwa pikseli, na karibu na mwisho safu mbili zilizoandikwa x-ppi na y-ppi, yaani pikseli kwa inchi kwa upana na kwa kimo. Hizo mbili zisome kabla ya kugusa kitu. Zikilingana na ziko kati ya 150 na 300, picha ni nzima, tatizo litafute kwingine. Zikitofautiana, picha imevutika. Zikilingana lakini ni 50 au 60, pikseli hazitoshi na hakuna kona utakayoivuta ikatibu. Zikilingana na zikawa 1,000 na zaidi, hapo ndipo uzito wa faili ulipo. Sisi tunaofanya kazi hii tunaona kwamba jedwali hili linaokoa muda kuliko programu yoyote ya kulipia.

Kumtibu tembo kuna njia mbili tu za halali. Ama acha upana ubaki milimita 160 na kimo kiwe 120, ama ikate picha yenyewe iwe pikseli 1600 kwa 900 kwanza, kisha uiweke kwenye ile nafasi ya 160 kwa 90. Kwenye LibreOffice Draw, ambayo ni ya bure na haihitaji bando, fungua PDF, bofya picha, kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Original Size" ili uwiano urudi. Baada ya hapo bonyeza F4, weka tiki kwenye "Keep ratio", andika upana unaoutaka, na kimo kitajijaza chenyewe. Usivute kwa mkono pale ambapo unaweza kuandika namba. Ila Draw ina gharama yake: kama fonti ya waraka haimo kwenye kompyuta yako, maandishi hubadilika sura na mistari huhama. Kwa ukurasa wenye picha nyingi na maneno machache, Draw inafaa sana. Kwa mkataba wa kurasa 12, omba faili la awali la Word urekebishe huko.

Kosa ambalo huwachanganya hata wenye uzoefu ni la ukurasa mkubwa kupita kiasi. Mtu amepiga picha cheti chake kwa simu, akakigeuza PDF kwa programu ya simuni, akaleta apachikwe picha ya pasipoti au saini. Unaiweka saini ya upana wa kawaida, pointi 200, na inatokea kama punje ya mtama kwenye kona. Unaivuta mpaka ionekane, unahifadhi, na ukurasa unaofuata wa waraka huohuo saini ya pointi zilezile 200 inafunika theluthi ya upana wa karatasi. Hapo wengi hulaumu programu. Programu haina kosa. Ile ya simuni ilihesabu pikseli moja kuwa pointi moja, kwa hiyo picha ya pikseli 3024 kwa 4032 ikawa ukurasa wa pointi 3024 kwa 4032. Gawa kwa 72: inchi 42 kwa 56, yaani zaidi ya mita moja kwa karibu mita moja na nusu. Ni bango, si karatasi. Pointi 200 kwenye upana wa 595 ni theluthi moja. Kwenye upana wa 3024 hazifiki hata asilimia 7.

Kinachoficha kosa hili ni kioo. Programu nyingi za kusomea PDF huukunja ukurasa uenee kwenye skrini, hivyo bango na A4 huonekana sawasawa. Pa kuangalia ni kwenye sifa za faili: katika Acrobat Reader bonyeza Ctrl na D, usome ukubwa wa ukurasa ulio mbele yako. Ukiwa na Poppler, amri ya pdfinfo -f 1 -l 20 ikifuatiwa na jina la faili itakuorodheshea ukubwa wa kila ukurasa kuanzia wa 1 hadi wa 20. Ukiona 595 kwa 842 halafu katikati 3024 kwa 4032, umeshampata mwizi.

Dawa yake ni kusawazisha kurasa kabla ya kupachika chochote. Fungua faili, nenda kuchapa, lakini badala ya printa ya kweli chagua ile ya kutoa PDF, Windows huja na yake iitwayo Microsoft Print to PDF. Weka karatasi A4, chagua "Fit", chapa. Bango litakunjwa kuwa A4 na pikseli zitabaki nyingi: 3024 kwenye upana wa inchi 8.27 ni kama 366 kwa inchi, zinatosha na kuzidi. Sasa pachika. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ni pointi 99 kwa 128, na ili itoke safi kwenye karatasi iandae ikiwa na pikseli 413 kwa 531. Ukifanya kinyume, yaani ukapachika kwanza na kusawazisha baadaye, picha ya pasipoti nayo itakunjwa pamoja na bango na kazi itaanza upya.

Ndugu wa kosa hilo ni ukurasa uliogeuzwa kwa macho tu. Skana ikiscan karatasi kwa ubavu, PDF huweza kuandikiwa agizo la "nionyeshe nikiwa nimezungushwa nyuzi 90" bila yaliyomo kuzungushwa. Wewe unaona ukurasa wima, lakini picha unayoiingiza inalala ubavu, na ukiandika upana inabadilika kimo. Dawa ni ileile ya kuchapa upya kwenda PDF. Picha za simu nazo zina tabia hiyo: simu huandika kwenye JPEG maelezo kwamba picha isimamishwe, galari ya simu huyatii, lakini PDF haiyajui. Programu ya kuingiza isipoyashughulikia, picha ya wima huingia ikiwa imelala, na ikikuta nafasi ya wima inalazimishwa humo na kuvutika. Ifungue kwanza kwenye programu ya picha, izungushe, ihifadhi upya, ndipo uiingize.

Word ina ugonjwa wake ambao hauhusiani na hayo yote. Picha imeingizwa, lakini unaona ukanda mwembamba tu, kama mtu anayechungulia chini ya mlango, na hata ukiikuza ukanda haupandi. Sababu ni nafasi ya mistari. Aya ile imewekwa "Exactly", labda pointi 12, na picha iliyokaa kwenye mstari pamoja na maneno hupewa kimo cha mstari huo tu. Rudisha nafasi ya mistari iwe "Single" kwa aya hiyo, na picha itajifunua yote. Hutokea zaidi pale PDF inapofunguliwa ndani ya Word, kwa sababu Word hujaribu kuiga mpangilio kwa kufunga mistari na masanduku ya maandishi. Kama picha imo ndani ya jedwali na bado imekatwa, angalia kimo cha mstari wa jedwali. Nacho huweza kufungwa vivyo hivyo.

Halafu kuna picha ambayo ukiigusa inahama kipande. Unabofya mlima, kinachoshikika ni mstari mmoja wa theluji. Hiyo ni picha iliyokatwakatwa vipande wakati faili lilipotengenezwa, mara nyingi kwa sababu ya kubapishwa (kuunganishwa na vilivyo chini yake) kwa vitu vinavyopitisha mwanga kwa ajili ya printa au matoleo ya zamani ya PDF. Jedwali la pdfimages litakuonyesha mistari 15 mahali ulipotarajia mmoja. Usihangaike kukuza kipande kimoja kimoja, maana nyufa nyeupe zitabaki. Teua vyote, viunganishe kuwa kundi, ndipo ubadili ukubwa; au bora zaidi, futa vyote na uweke picha ya asili. Na kama kila unachobofya kinashika ukurasa mzima, ujue hiyo ni skani: ukurasa wote ni picha moja, na "picha ndani ya picha" haipo kwa kompyuta. Itabidi uikate kwenye programu ya picha.

Sasa uzito. Mteja amepiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, akaiweka kwenye ratiba, akaipunguza kwa kuvuta kona mpaka ikawa upana wa milimita 80. Faili halikupungua hata kidogo, na halingepungua, kwa sababu kuvuta kona hubadili zile namba sita tu. Pikseli milioni 12 bado zimo ndani. Kwa upana wa milimita 80 unahitaji pikseli 945 kwa 709 kupata 300 kwa inchi, yaani mara 18 pungufu ya alizobeba. Ratiba ya siku 8 yenye picha 20 za namna hiyo haitapita kwenye Gmail, ambayo kikomo chake cha kiambatisho ni MB 25. Punguza pikseli kabla ya kuingiza. Kama imeshaingia, Ghostscript, programu nyingine ya kuandikiwa amri, hufanya kazi hiyo bila kupeleka waraka wa mtu kwenye tovuti usiyoijua:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o mpya.pdf zamani.pdf

Kwenye Windows andika gswin64c badala ya gs. Chaguo la /ebook hulenga pikseli 150 kwa inchi, /screen hulenga 72, /printer 300. Kuna kitu hapa huwashangaza watu: wameagiza 150 na bado picha nyingine zina 210. Si hitilafu. Kwa kawaida Ghostscript haigusi picha mpaka izidi lengo mara moja na nusu, kwa hiyo kwa lengo la 150 inaanza kupunguza zinazozidi 225. Kwa ratiba ya kutuma kwa barua pepe, /ebook inatosha. Usitumie /screen kwenye vyeti; maandishi madogo na mhuri hufifia, na mhuri usiosomeka humrudisha mtu dirishani.

Nembo nayo huongeza uzito kimyakimya. Nembo ya KB 300 ikiwekwa mara moja kwenye kichwa cha waraka, PDF iliyotoka vizuri huihifadhi mara moja na kuirejea kila ukurasa. Ikibandikwa kwa mkono kwenye kurasa 40, huweza kuhifadhiwa mara 40, na hiyo ni MB 12 kwa nembo peke yake.

Upande wa pili ni picha isiyotosha, na kwa hiyo hakuna muujiza. Kijipicha cha pikseli 320 kilichonakiliwa kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, kikitandazwa milimita 160, ni pikseli 51 kwa inchi. Kitatoka na ukungu hata kwenye printa ghali. Omba picha ya asili. Picha ya WhatsApp iliyotumwa kama picha hubanwa, mara nyingi upande mrefu ukabaki kama pikseli 1600. Mwambie mtu aitume kama dokumenti ili ifike kama ilivyo. Na Word yenyewe, isipoambiwa vingine, mara nyingi hupunguza picha hadi 220 kwa inchi wakati wa kuhifadhi. Kama kazi ni ya kuchapwa, ingia kwenye mipangilio yake ya juu na uweke tiki kwenye "Do not compress images in file" kabla ya kuingiza picha ya kwanza, kwa kuwa zilizokwisha kupunguzwa hazirudi.

Kwenye kuchapa, kosa liko kwenye neno moja la dirisha la printa. "Fit" huukunja ukurasa uingie kwenye eneo ambalo printa inaweza kulifikia, kwa hiyo kila kitu hupungua asilimia kadhaa. "Actual size" huacha vipimo kama vilivyo. Kipimo chepesi: chora kwenye PDF fremu ya milimita 85.6 kwa 54, chapa, kisha laza kadi ya benki juu yake. Ikitoshea sawasawa, printa inasema kweli. Rula ya kupima kwenye kioo haisaidii, kwani asilimia 100 ya kwenye skrini hutegemea skrini.

Hili lina uzito wa pekee kwa miji yetu kwa sababu wageni wengi hutoka Marekani, ambako karatasi ya kawaida si A4 bali Letter, pointi 612 kwa 792. Ratiba ya A4 ikichapwa huko kwa "Fit" hushuka hadi asilimia 94 au chini yake. Kwa picha ya tembo si neno. Kwa ramani ya njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro iliyoandikwa kipimo cha 1:50,000 ni uongo: kilomita moja iliyokuwa milimita 20 imekuwa 18.8 au pungufu, na maandishi bado yanasema 1:50,000. Kampuni za Moshi na Arusha zinazopeleka ramani kwa PDF ziweke mstari wa kipimo uliochorwa ndani ya picha ileile ya ramani. Ukurasa ukikunjwa, mstari hukunjwa nao na kubaki mkweli. Na asiyetaka picha zikatwe pembeni kwa "Actual size" aache milimita 20 juu na chini, maana A4 ni ndefu kuliko Letter kwa milimita 18.

Limebaki la kukata. Ukiikata picha kwenye Word au kwa zana ya kukata ukurasa kwenye PDF, sehemu iliyokatwa haijafutwa, imefichwa. Mtu aliyeficha namba ya kitambulisho chake kwa kukata ukingo wa picha anapeleka namba hiyo yote kwa mpokeaji, ambaye akiibofya picha na kurudisha ukingo ataisoma. Kwenye Word tumia "Compress Pictures" ukiwa na tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures". Kwa PDF iliyokwisha kutoka, geuza ukurasa huo peke yake kuwa picha mpya:

pdftoppm -r 200 -jpeg -cropbox -f 3 -l 3 faili.pdf ukurasa

Hapo 3 ni namba ya ukurasa, na -cropbox huhakikisha kinachotolewa ni kile tu kinachoonekana. Rudisha JPEG hiyo kwenye A4 kwa upana wake wote, kisha endesha tena pdfimages -list. Kwa ukurasa mzima wa A4 unapaswa kuona mstari mmoja tu, pikseli kama 1654 kwa 2339, x-ppi 200 na y-ppi 200. Ukiona mstari wa pili, ile picha ya zamani bado imo ndani ya faili. Usilitume mpaka uiondoe.